Tonge Liko Ghalani

Mama watoto yuko Newala. Msimu umefika, korosho zinadondoka, na mama mkwe hawezi kuokota shamba zima peke yake na mgongo ule. Kaniachia watoto watatu, mkaa, debe la unga, ndoo ya dagaa, na agizo alilolitoa kichwa kikiwa nje ya dirisha la basi, stendi nzima inasikiliza: "Baba watoto, nikirudi nisisikie wanangu walilishwa chipsi!"

Makonda wakacheka. Na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, kazi yangu iko barazani, kila mtu hapa mtaani anaamini muda ninao.

Watu wa mbali wakisikia naishi Mtwara wanasema nyie huko mnakula vizuri. Sikatai. Ukishuka Feri asubuhi kuna changu, tasi, vibua, pweza. Nazi zipo, mbaazi zipo, mihogo ipo, papai linaiva uani mpaka ndege wanalikinai. Akina mama wanapita na ming'oko, mizizi ile ya porini, iliyochemshwa, bado ina moto. Chakula nyumbani kwangu hakijawahi kuwa shida. Shida ni walaji.

Kifungua mimba wangu yuko darasa la tano na hali kitu cha kijani. Mchicha, matembele, kisamvu, bamia, hoho, vyote kavipiga marufuku. Lakini embe bichi la kijani kibichi, lenye chumvi na pilipili, analitafuna mpaka meno yanakufa ganzi. Nikimuuliza hii si ya kijani? Ananijibu, "Hii ni embe, baba." Kesi imefungwa.

Wa kati, binti wa darasa la kwanza, yeye chakula hakatai. Anachokataa ni chakula kugusana. Ugali ukae huku, mboga kule, na katikati pawe pakavu. Mchuzi ukivuka mpaka, hata tone, sahani nzima imekufa na maziko ni yangu.

Mziwanda ana miaka mitatu na anakula vyeupe. Wali, sembe, maziwa, ute wa yai. Kiini ni cha baba. Korosho anakula, ila umenye lile ganda laini la ndani mpaka isibaki hata chembe ya kahawia. Ugali wa muhogo aliutazama akasema una vumbi. Nikajitia akili nikamletea changu, maana nyama yake nyeupe, na siku ya kwanza akala vizuri sana. Siku ya pili akachungulia sufuria, akakuta samaki naye anamwangalia. Biashara ya changu ikaishia pale.

Sasa mtu huyu, pamoja na hao wengine wawili, mtaalamu wa lishe kule kliniki anasema nimpe mlo kamili. Ana picha ukutani ya makundi sita ya chakula: nafaka na mizizi, jamii ya kunde, vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na lile la mafuta linalotumika kidogo. "Sahani ya mtoto iwe na rangi, baba." Nikamwambia, "Dada yangu, huyu ninayempikia ana rangi moja tu anayoitambua." Akacheka, akasema nisichoke, kuna mtoto anahitaji kuletewa chakula kipya hata mara kumi, kumi na tano, ndipo akizoee. Mara kumi na tano! Bamia wanazozikataa zinaliwa na nani hizo mara kumi na nne za mwanzo? Baba. Katika nyumba hii anayepata mlo kamili ni mmoja, na juzi nimelazimika kuitoa upindo suruali yangu mwenyewe kiunoni.

Wakuu wa mikoa walisaini mikataba ya lishe, tulitangaziwa, tukapiga makofi. Mimi pia niko tayari kusaini. Nachouliza ni pale mziwanda anapotakiwa kuweka dole gumba.

Natania, lakini jambo lenyewe linaninyima usingizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa nchi nzima, na Iringa, mahali wanapolima mahindi na viazi vya kulisha watu, ikafika karibu 57. Yaani ghala likijaa halimaanishi mtoto kala. Na mimi ni fundi, tepu naivaa shingoni kutwa. Sketi ya shule niliyomshonea wa kati mwaka jana nilimwachia upindo mpana kwa ajili ya kukua. Mwaka huu nimempima, upindo bado uko palepale. Wengine wangefurahi wameokoa kitambaa.

Basi nikaingia kwenye mbinu za kuficha. Nikaazima blenda, nikasaga mchicha, nikaukandia unga wa chapati. Zikatoka chapati za kijani, laini, mimi mwenyewe nikajipongeza. Kifungua mimba akaishika moja kwa ncha za vidole viwili, akaipeleka kwenye taa, akawageukia wenzake: "Msile. Imeota ukungu." Nikatwanga dagaa wakawa unga mlaini nikauchanganya kwenye uji. Hakuna jicho ambalo lingeona. Lakini paka wa jirani akaja kukaa chini ya meza yetu, analia, anatazama bakuli moja baada ya jingine, na watoto wangu si wajinga.

Kisamvu ndicho kilichonimaliza. Kisamvu hakitaki haraka, lazima ukitwange na ukichemshe sawasawa, maana majani ya muhogo yana sumu yake ya asili. Nikaazima kinu. Jamani, mwanaume akishika mchi uani saa kumi jioni, hapa mtaani, kumbe kila nyumba imeishiwa chumvi. Walikuja kuazima chumvi watu ambao sijawahi hata kuwaona. Mmoja akakaa kabisa kwenye kigoda, akaniambia mkono wangu wa kushoto mzito.

Na mbaazi nazo. Usipoziloweka usiku kucha, unazichemsha mpaka mkaa unakwisha. Jirani akanishauri nitupie magadi zilainike upesi, lakini yule mtaalamu alishasema magadi yanaua vitamini. Nikaenda kwenye mtungi wa gesi, nao ukaisha mbaazi zikiwa bado zinalia kokoto. Gesi ya Mnazi Bay inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam, mimi niliye jirani yake napuliza mkaa kwa mfuniko wa ndoo. Tuyaache hayo, yana wenyewe.

Turudi kwa mziwanda, maana ana tabia moja ambayo nimewauliza wazee na hawana dawa. Ukimlisha tonge, analipokea. Halitemi, halimezi. Analisogeza kwenye shavu la kushoto, linakaa hapo, anaendelea na shughuli zake. Unaweza kumvalisha, kumwogesha na kumsimulia hadithi, tonge bado lipo. Nyie mnajua korosho zetu tangu 2007 zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo, anapewa karatasi yake, mzigo unakaa ghalani mpaka mnada, na bei ikikataliwa hakitoki kitu. Huyu mtoto hajawahi kukanyaga ofisi ya chama cha msingi cha wakulima, lakini mfumo anaujua wote. Shavu ndilo ghala kuu. Mimi ndiye mnunuzi.

Mnada unafunguliwa saa moja na nusu usiku.

"Meza, baba akupe papai."

Kimya. Bei imekataliwa.

"Meza, nikuwashie katuni."

Anatafakari. Mdomo umejaa, hawezi kusema, kwa hiyo ananyoosha vidole viwili. Katuni mbili. Nakubali, nitafanyaje? Anameza. Kisha anafungua mdomo kupokea tonge jingine, na linakwenda kulekule kushoto. Mwaka 2018 wakulima walipozikataa bei, serikali ilitangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, na jeshi likaja kuzisomba. Hapa kwangu jeshi lenyewe liko Newala linaokota.

Na jeshi hilo linapiga simu kila usiku.

"Wamekula?"

"Wamekula."

"Nimekuuliza wamekula nini?"

"Vizuri tu."

"Mpe simu mkubwa."

Mkubwa anapokea, anatoka nayo nje, nasikia: "Majani, mama. Kila siku majani."

Kwa upande wao nimeshagundua hila moja. Saa kumi jioni, wakitoka shule, pale njia panda kuna mama anakaanga mihogo, na kachumbari anayo. Mbele yake bagia. Mbele ya bagia barafu za ubuyu. Shilingi mia mbili hapa, mia mbili pale, pesa wanazopewa na wajomba, na bibi, na mteja wangu mmoja ambaye hanilipi mimi ila watoto wangu anawapa. Mtoto akifika nyumbani tumbo limeshafungwa kwa kufuli, halafu mimi naonekana mpishi mbaya. Nilikwenda kumwomba yule mama asiwauzie wanangu. Alinisikiliza vizuri, kwa heshima zote, akanifungia mihogo ya mia tano. Ilikuwa mitamu, siwezi kusema uongo.

Aliyenisaidia ni mama mkwe. Usiku mmoja aliichukua simu kwa bintiye.

"Baba, hao watoto unawapakuliaje?"

"Kila mmoja na sahani yake, mama."

"Ndiyo maana. Tia kwenye sinia, ita na wa jirani, halafu kaa kimya."

Nikakumbuka kwetu. Tulikuwa kundi zima sinia moja, na ukisema hupendi majani ya kunde hakuna aliyekubembeleza. Walikushukuru. Hizi sahani za mmoja mmoja ndizo zilizoleta mambo ya ute na kiini.

Kesho yake nikapika ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi na dagaa wa nyanya. Nazi nilikuna mwenyewe kwenye mbuzi, tui zito la kwanza halikukosa, maana vitamini A ya majani bila mafuta nyingi inapita tu bila faida. Nikatandika mkeka, nikaita wa jirani watatu. Wakanawa. Bismillahi.

Wale wa jirani hawakuuliza rangi. Mmoja wao, kijana mwembamba hivi, mkono wake ulitoka upande wake, ukapita mbele ya binti yangu, ukatua mbele ya kifungua mimba na kuondoka na dagaa mkubwa kuliko wote. Adabu ya sinia ni kula mbele yako, kila mtu anajua. Kifungua mimba akaduwaa. Nikaona anatazama kile kisamvu kilichobaki mbele yake, anamtazama mgeni, anatazama kisamvu. Kisha akakivuta chote kwa tonge na kukitupa mdomoni kabla hakijaibiwa nacho. Hakutafuna hata mara mbili. Akachota tena.

Wa kati alijenga ukuta wa ugali kuzuia mchuzi. Ukuta ukabomolewa na kuliwa na mtu mwingine. Akalia kidogo, akaona kilio kinamchelewesha, akaacha.

Mziwanda alitia tonge la kwanza shavuni kama kawaida yake, akaangalia sinia, akaona pale katikati panaanza kung'aa. Akameza! Nilisikia kwa masikio yangu. Siku ile hapakuwa na mnada, hapakuwa na katuni, mzigo wote ulitoka ghalani bure.

Sasa ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Tatizo, kesho yake saa kumi na mbili jioni wale watatu walikuwa barazani wameshanawa mikono. Kesho kutwa wakaja na binamu yao. Sinia likabadilishwa, likaletwa lile la shughuli. Debe la unga unaona chini. Mama watoto akanipigia anauliza inakuwaje ndoo ya dagaa ya kufika mwisho wa msimu imeisha, nikamwambia wanao sasa wanakula, akasema basi nimpe simu mkubwa, na mkubwa akamwambia, "Tunakula upesi mama, wasituwahi."

Jana nimekaa kwenye cherehani, nashona kwapa la shati la mtu, jirani akaja akasimama mbele yangu, mkono kiunoni.

"Shemeji, mwanangu umemfanya nini?"

"Kwani vipi, shemeji?"

"Nimempikia wali maharage, vizuri kabisa, kaonja kijiko kimoja kasukuma sahani. Eti tui jepesi. Eti anasubiri kula kwa fundi. Huyu alikuwa hachagui chakula!"

Nikamwambia pole. Akasema pole haisaidii, ila kwa kuwa mtoto keshazoea, basi aendelee kuja.

"Ila bamia hali. Siku ukipika bamia nitumie ujumbe mapema, nimkaangie yai."

Nikamuuliza yai zima au ute.