Bekapu inayolala chumba kimoja na kompyuta

Mvua za Kigoma huja na radi zake, na radi ikipiga karibu na nguzo, kila mwenye kompyuta huku Mwanga hukimbilia swichi ya ukutani. Mwaka juzi mimi sikuwahi. Kompyuta ya steshenari yangu iliungua, na diski ya nje iliyokuwa imechomekwa ubavuni mwake ikaungua nayo. Bekapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili yangu, ilikuwa humo humo. Ilijifanya yenyewe kila usiku saa nane, haikukosa hata siku moja, na asubuhi ile nikabaki mikono mitupu: barua za watu, vyeti vilivyoskaniwa, mitihani ya majaribio niliyokuwa nimeichapa nusu.

Tangu hapo nina ugomvi mdogo na mafundi wenzangu hapa mjini. Wanamwekea mteja mfumo endeshi wa Linux, wanawasha snapishoti za kila saa, yaani kumbukumbu za mafaili yalivyokuwa saa ile, wanamwambia, "Mzee, sasa lala usingizi." Asilale.

Snapishoti zenyewe nazipenda sana. Kwenye Btrfs au ZFS, mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski, ukibadilisha faili, mfumo hauandiki juu ya data ya zamani. Unaandika mahali pengine kwenye diski. Kupiga snapishoti ni kuuambia tu mfumo usiitupe ile ya zamani. Ndiyo maana inamalizika kufumba na kufumbua, na siku ya kwanza haili nafasi karibu yoyote. Mpwa wangu aliwahi kufuta folda nzima ya mteja. "Anko, nimeharibu," akasema, midomo imemkauka. Nikarudi kwenye snapishoti ya saa moja nyuma, dakika mbili tukawa tumemaliza, na mteja hajui mpaka leo.

Lakini snapishoti iko kwenye diski ileile. Mwenye kuuza dagaa pale Kibirizi akiandika madeni kwenye daftari, halafu nakala ya madeni akaiandika kurasa za nyuma za daftari hilohilo, siku likitumbukia ziwani atamdai nani?

Kuna na jambo la nafasi, ambalo watu hawaambiwi. Jamaa mmoja wa studio alifuta video za harusi ili diski ipumue, akaona haipungui hata kidogo, akaniita akidhani ni kirusi. Snapishoti zilikuwa bado zimezishikilia video zile. Aliyemfungia hakuweka kikomo. Mimi kwenye Snapper, programu ya kusimamia snapishoti, naacha 24 za kila saa, 7 za kila siku na 4 za kila wiki. Zilizobaki inazifagia yenyewe. Folda ya video za kazi naitenga kabisa na snapishoti. Mwenye ext4, mpangilio wa mafaili wa kawaida wa Linux, hana snapishoti za aina hii. Programu ya Timeshift itamfanyia kwa rsync, chombo cha kunakili mafaili, inanakili kilichobadilika tu, ila aielekeze kwenye diski nyingine.

Bekapu yangu sasa ina miguu miwili. Diski ya nje nachomeka jioni, rsync ikimaliza naichomoa, na kila Ijumaa naibadilisha na pacha wake aliyeko nyumbani Ujiji. Mguu wa pili ni Restic, programu ya bekapu inayofunga data kwa nenosiri kisha kuipeleka kwa intaneti kwenye seva, kompyuta ya kuhifadhia iliyo mbali. Mara ya kwanza bando lilinitoa machozi. Baada ya hapo inapeleka kilichobadilika tu, na kwa kazi za kuchapa huwa ni kidogo. Nenosiri nimeliandika kwenye karatasi, maana likipotea hata mimi mwenyewe sifungui.

Kinachonikera zaidi ni neno "otomatiki" linavyowalevya watu. Ni kweli, mtu atasahau, mashine haisahau. Ila mashine ikishindwa, mara nyingi inashindwa kimyakimya. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni inayotunzia watu programu duniani kote, mhandisi wao alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Kwenda kwenye bekapu, hakuna kitu: programu ya kunakili ilikuwa toleo lisiloendana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni snapishoti ambayo mhandisi aliipiga kwa mkono, kama saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wale wana wahandisi wa kutosha. Sisi wa steshenari tuna mpwa.

Kwa hiyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nachukua faili moja, lolote, nalirudisha kutoka bekapu kwenye laptopu nyingine na kulifungua. Kulifungua, si kuangalia kwamba jina lipo. Mwezi wa nne faili la mteja lilikataa. Kumbe waya wa diski ulikuwa umelegea na nakala za siku tisa zilikuwa nusunusu.

Ijumaa iliyopita mvua ilianza nikiwa bado dukani, bodaboda wote wakajificha. Diski zote mbili, ile ya dukani na pacha wake wa kubadilishana, zililala Mwanga, na mimi Ujiji nikawa nahesabu radi.