Bunduki ya Mke Haichaguliwi kwa Bega la Mume

Mke akiingia duka la silaha hapa Nairobi na mumewe, muuzaji atamsalimia mume, atazungumza na mume, kisha atashusha kibunduki kidogo kutoka rafu ya pembeni. "Bosi, madam hii itamfaa sana. Ni nyepesi." Huo wepesi ndio sifa ya kwanza na ya mwisho. Mume anatikisa kichwa kukubali, na mwenye bega hajaulizwa kitu.

Sheria niipitie haraka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, kwa hiyo sisi tunaoupenda huvuka mpaka kwenda Tanzania, na wengine huenda Namibia au Afrika Kusini. Pia bunduki si kitu cha kumshtukiza mtu nacho siku ya kuzaliwa. Kila anayemiliki silaha lazima awe na cheti chake mwenyewe. Cheti cha baba watoto hakimfuniki mama watoto.

Turudi kwenye wepesi. Bunduki ya kilo 2.7 na ya kilo 3.6 zikifyatua risasi ile ile, ile nyepesi hupiga teke kwa nguvu zaidi, kama theluthi nzima hivi. Hakuna maajabu hapo, uzito ndio unaomeza teke. Mwanamume anamnunulia mkewe kibunduki chepesi chenye mtutu mfupi akidhani anamhurumia, kumbe amemwongezea kipigo na mlio juu yake. Kisha anashangaa kwa nini bibie hataki tena kwenda kulenga shabaha Jumamosi.

Mimi ningeanza na kitako, ile sehemu ya nyuma inayokaa begani. Bunduki nyingi za kiwandani huwa na kama sentimita 34 au 35 kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, kipimo kinachomkaa vizuri mwanamume wa urefu wa wastani. Mwanamke mwenye mikono mifupi akiishika hiyo, utamwona anarudisha kiwiliwili nyuma, kiuno kimejipinda, shingo ameinyoosha mbele kama kobe akitafuta jicho la darubini ya kulengea. Kitako nacho kimemtoroka begani kimekalia mkono. Hapo hata risasi ndogo itamwachia alama. Zipo bunduki zenye kitako kifupi cha sentimita 32 au 33, na nyingine huja na vipande vya kuongeza au kupunguza urefu. Mwambie mkeo afumbe macho, aipandishe bunduki begani, alaze shavu, kisha afumbue. Akiona duara zima la darubini bila kusogeza kichwa, imemkaa. Akiona kivuli cheusi pembeni, rudisheni rafuni, hata kama mbao zake zinametameta vipi. Umbali wa darubini na jicho nao msiuchezee, maana darubini iliyosogezwa nyuma mno hupasua nyusi.

Kuhusu kaliba, yaani ukubwa wa risasi, wengi watakutajia .243 Winchester. Kwa swala pala haina neno. Lakini kwa nyumbu au kongoni naiona imekaa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, inamtaka mpigaji asikosee hata kidogo. Chaguo langu ni 7mm-08 Remington, au mkongwe wa mwaka 1892, 7x57 Mauser. Kichwa cha risasi cha gramu 9 hivi kinapenya vizuri, na teke lake linavumilika asubuhi nzima. Wanaotetea .308 Winchester wana hoja nzito: risasi zake hazisumbui kupatikana, na mizigo ikipotelea uwanja wa ndege kuna uwezekano wa kuazima kambini. Sibishani nao sana.

Ninaobishana nao ni wale wa "je, akikutana na nyati?" Wanapenda kusimulia kwamba Karamojo Bell, yule mwindaji tembo wa zamani, aliangusha tembo wengi kwa 7x57, kisha pumzi hiyo hiyo wanataka mke aanze na .375 H&H, kaliba ya wanyama wakubwa. Bell alijua ubongo wa tembo ulipo kama anavyojua kiganja chake, sisi wengine tusijipime naye. Nyati anataka .375, sawa, ila ina teke la karibu mara mbili ya .308. Mke akifika kumtaka nyati, ataazima ya kambini au atanunua ya pili. Ya kwanza ni ya kumfundisha kutoiogopa bunduki.

Na woga huo hupimika. Mkiwa uwanjani, mjazie wewe bunduki, na katikati ya risasi za kweli ingiza risasi bandia bila kumwambia. Kifyatulio kikilia tu "ta" na mtutu ukainama, mwili umeanza kulikimbia teke kabla halijafika. Punguza kaliba, au rudini kwenye .22, ile ndogo ya mazoezi, kwa muda. Ukimaliza naye, mpe zile risasi bandia, naye akujazie wewe ile .300 Magnum yako unayojigamba nayo.