TMS kwa mgonjwa wa sonona: tafuta kwanza pa kulala

TMS ni tiba ya sonona inayotumia mashine kusisimua ubongo kwa sumaku, kutoka nje ya kichwa. Wagonjwa na ndugu zao huanza kwa kuuliza bei, kisha kama inauma. Kwangu mimi swali la kwanza ni hili: kwa wiki sita utakuwa unatokea wapi?

Tiba hii hutolewa siku tano kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Utaratibu wa zamani, ambao mashine yake iliruhusiwa Marekani mwaka 2008, huchukua dakika 37 hivi kwa siku, mipigo 3,000 ya sumaku. Ule mfupi ulioruhusiwa mwaka 2018 huchukua dakika tatu tu, mipigo 600, na ulipolinganishwa na ule mrefu haukuonekana kuzidiwa. Hata hivyo safari ni ileile. Tuseme unatibiwa Mwanza mjini: mtu wa Igoma au Kirumba atapanda daladala na kurudi kwake. Wa Sengerema amepunguziwa adha tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Wa Ukerewe atafute ndugu wa kumpokea mjini, maana kwenda na kurudi Nansio kila siku hakuwezekani. Nafuu mara nyingi huanza wiki ya tatu au ya nne, kwa wengine karibu na mwisho kabisa, kwa hiyo anayekata tamaa wiki ya pili anaondoka kabla tiba haijapata nafasi ya kufanya kazi.

Siku ya kwanza ndiyo ya kuwa macho. Mtaalamu anaweka koili, yaani kile kipande cha mashine kinachotoa sumaku, juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza mkono, anapandisha nguvu polepole hadi kidole gumba kishtuke karibu nusu ya mipigo. Hicho ndicho kipimo chako wewe, si cha mwingine, na tiba mara nyingi hutolewa kwa asilimia 120 yake. Kisha koili husogezwa mbele, upande wa kushoto wa paji. Nguvu ya sumaku hupungua haraka kadiri koili inavyokaa mbali na fuvu. Kwa hiyo rasta nene, wigi au nywele zilizofungwa juu ni tatizo la kweli: zinainua koili, na ubongo unapata kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Suka mistari myembamba kabla ya kipimo, usibadilishe mtindo hadi umalize. Ukibadilisha, omba upimwe upya. Vua pini na hereni. Vaa vizibo vya masikio kila siku, kwani mashine hugonga kwa sauti kali.

Kuna ya kusema bila kuulizwa: chuma ndani ya kichwa, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, betri ya moyo, kifafa, degedege la utotoni, ajali ya bodaboda iliyokuzimisha. Taja dawa zote, zikiwemo tramado na amitriptilini, ambazo huongeza uwezekano wa kifafa. Diazepamu nayo yaweza kupunguza matokeo. Usiache dawa yoyote ghafla kwa kujiandaa. Mnywaji wa kila siku asikatishe pombe kimyakimya wiki hiyohiyo. Mvuvi wa dagaa aliyekesha ziwani na taa asikae kwenye kiti asubuhi yake bila kusema, maana kukosa usingizi nako huchochea kifafa. Kifafa chenyewe ni nadra, chini ya mgonjwa mmoja kati ya 1,000, lakini mengi ya mambo haya yanazuilika kwa kusema tu. Kinachosumbua wengi ni kichwa kuuma na ngozi kuchoma siku za mwanzo, parasetamo hutosha.

Hii si ile tiba ya mshtuko wa umeme inayohitaji nusukaputi. Hapa hufungi kula, hulali, unaondoka mwenyewe. Ila mgonjwa aliyeacha kula na kunywa, anayesikia sauti, au anayepanga kujiua asisubiri wiki sita za TMS. Apelekwe hospitali leo, na mshtuko wa umeme ukipendekezwa familia isiukatae kwa woga, kwa sababu kwa hali hiyo unafanya kazi haraka zaidi.

Omba dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya kupima ukali wa sonona, lijazwe kabla ya kuanza, kisha kila wiki. Alama zake ni 0 hadi 27. Zikishuka nusu, tiba imeshika. Zikibaki palepale baada ya kikao cha 20 cha tiba, mwulize daktari kama kipimo na mahali pa koili vimehakikiwa upya, kabla hujalipia wiki nyingine.