Msiisingizie Leipzig

Wiki hii mwenzangu wa zamu hospitalini aliiona karatasi yangu ya mshahara, akaweka kidole kwenye mstari wa kodi ya kanisa. Huku Saxony, jimbo la Ujerumani, ni asilimia tisa ya kodi yako ya mapato, inakatwa kabla hujaishika. "Jitoe tu," akaniambia. "Unakwenda ofisi ya serikali, unasaini, basi." Alinitakia mema. Ila nilikuwa tayari na hasira, kwani usiku uliotangulia kaka alinitumia ile video inayozunguka kwenye makundi yetu: mhubiri anapaza sauti kwamba Ulaya wamekufa kiroho kwa sababu ya uliberali, yaani kukubali mambo kama ndoa za jinsia moja, na wahafidhina wa Afrika ndio tuliobaki kulibeba Kanisa. Chini yake Amina tupu, kuanzia Machame mpaka Usa River.

Wapendwa, mimi naishi Leipzig. Ndiyo, Leipzig ileile. Wamisionari waliofungua kituo Machame mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huu. Leo ukisimama mtaani hapa, wengi wanaokupita hawana kanisa wala hawakuwahi kuwa nalo. Kwa hiyo anayesema Ulaya makanisa ni matupu, hajasema uongo. Jumapili mimi nakaa benchi peke yangu, na naumia.

Lakini yamekuwaje matupu? Kanisa la Kilutheri la Saxony linahesabika hadi leo miongoni mwa yale ya kihafidhina Ujerumani. Halikumalizwa na ndoa za jinsia moja. Miaka 40 ya Ujerumani Mashariki ya kikomunisti ndiyo iliyowang'oa watu. Serikali ilianzisha sherehe yake ya vijana ishindane na kipaimara, na mtoto aliyeshikilia kipaimara peke yake alijiweka hatarini kukosa nafasi ya masomo ya juu. Tarehe 30 Mei 1968 kanisa la Chuo Kikuu, lililokuwa limepona mabomu ya vita, lililipuliwa kwa baruti mchana kweupe. Wazazi walikaa kimya, watoto wakakua bila sala, na wajukuu ndio hao ninaofanya nao kazi, watu wema kabisa.

Sasa najua nitajibiwa, "Na Ujerumani Magharibi je, huko kulikuwa na wakomunisti?" Sawa. Mwaka 2023 Waprotestanti wapatao 380,000 walijitoa rasmi Ujerumani nzima. Wakatoliki waliojitoa mwaka huohuo walizidi 400,000. Roma haijafungisha ndoa ya jinsia moja hata moja, wala haijamweka mwanamke madhabahuni kuwa padri, na bado waliotoka huko ni wengi zaidi. Yule mhubiri anieleze hilo.

Mtasema nimekula mkate wa Wajerumani nikasahau mbege. Mtasema nimetumwa. Basi niseme wazi: juu ya ndoa naamini nilivyofundishwa kipaimara, na maaskofu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, walipotoa Tamko la Dodoma mwaka 2010 kupinga ndoa za jinsia moja, nililikubali. Silikani leo. Ninachokataa ni kuuchukua uhafidhina wetu kama dawa, kana kwamba tukishakemea yanayotendeka Stockholm na Minneapolis, kwa Walutheri wanaokubali ndoa hizo, tumeshapona.

Kwa sababu hebu tuwe wakweli, kilichotujaza ni nini? Ibada ikiisha hakuna anayekimbilia garini. Tunatoka nje kwenye mnada, mkungu wa ndizi wa mama mjane unanunuliwa, unarudishwa mnadani, unanunuliwa tena, na yeye amesimama pale anaona jasho lake likijenga nyumba ya Mungu. Baba alipofariki, kabla sijapata tiketi ya ndege jumuiya walishafika na turubai, kuni na maji, na walilala pale. Tarumbeta, urithi wa Wajerumani haohao, zilimpigia mpaka kaburini migombani. Huku nimeona mazishi ya watu wanne, tukimhesabu na mchungaji. Bruno Gutmann, mchungaji aliyetoka Leipzig akatumikia miaka mingi Kidia, Old Moshi, aliliona jambo hili mapema: alitaka Kanisa lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Aliwaona Wachaga wana kitu ambacho kwao kilikuwa kinapotea. Hilo najivunia, na mtu asinitake niombe radhi.

Na hicho ndicho tunachokibomoa wenyewe. Vijana wa Arusha na Moshi hawahami kwa sababu wamesoma teolojia ya Kiswidi. Wanahamia kwa manabii na mafuta ya upako, au wanalala Jumapili. Wamechoka na michango isiyoisha. Wamechoka kuona mzee wa watu akinyimwa ibada ya maziko kwa sababu bahasha zake hazikujaa, wakati tajiri ambaye kila mtu anajua alivyozipata fedha zake anakaa kiti cha mbele siku ya harambee. Huo si uliberali, wala hauna Mzungu ndani yake. Anayetaka kutabiri kama wahafidhina watashinda karne hii na aanzie kwenye bahasha hizo, sio kwenye takwimu za Ujerumani.

Usharika niliokulia, binti wa rika langu alipata mimba, akatengwa. Alisimamishwa mbele ya watu wote ili arudi kundini, na mtoto mgongoni. Leo yuko mjini na haingii kanisa lolote. Mwalimu wa kwaya aliyempa ile mimba hakukosa Chakula cha Bwana hata mara moja. Ninyi wazee wa kanisa mnaoandaa majibu, mnaosema nidhamu ndiyo iliyotulinda tusiwe kama Leipzig, nitajieni kwanza mara ya mwisho mliposimamisha baba wa mtoto.