Mwalimu Ki na Mwalimu Ko

Kilichonirudisha darasani nikiwa na miaka thelathini na minane ni kopo la rangi.

Mimi ni mtu wa mashua, pale Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kisumu. Kazi yangu ni kupeleka wageni kuangalia viboko, ndege wa kwenye mafunjo na, siku mtu akiwa na nyota nzuri, nzohe, yule swala wa kinamasi anayejua kujificha hata ukampita karibu usimwone. Kila mashua ina kopo la kuchotea maji. Siku hiyo nilikuwa na wageni sita, wamelipa, wameketi, jaketi za kuelea zimefungwa mpaka kidevuni. Mama mmoja akaniuliza kwa Kiingereza, hilo kopo ni la nini?

Jibu nilikuwa nalo. Tunalibeba ili maji yakiingia tuyachote. Kichwani lilikuwa limenyooka kabisa. Mdomoni likatoka: "We carry it because the boat will sink."

Wageni sita wakashuka kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Nikawafuata ufuoni nikijaribu kuwatuliza, "No, no, this boat is too safe!" Kumbe "too" ya Kiingereza si "sana" yetu. Kitu kikiwa "too" kimepita kiasi, kina kasoro. Mama akanitazama kwa huruma, wakaingia wote kwenye mashua ya jirani yangu. Kopo lake ni kubwa kuliko langu, lakini yeye hakulieleza.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, "Baba Boi, viboko unawajua tabia, samaki unawajua kwa majina, hiki Kiingereza ndicho kikushinde?" Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu wetu alikuwa msichana mdogo aliyemaliza chuo na bado anasubiri kuajiriwa. Hakututoza ada, ila hamsini za fotokopi. Wanafunzi tulikuwa saba: mimi, bawabu, dereva wa tuktuk, na kina mama wanne wa sokoni.

Wiki ya tatu tukafika kwenye vishazi tegemezi, vile vipande vya sentensi visivyoweza kusimama peke yake. Vya sababu, vya matokeo, vya kusudi. Hivyo tulivimeza bila maji. Cha nne ndicho kilichotukwama kooni: kishazi cha kukubali jambo halafu ukafanya kinyume chake, kile cha "although". Bawabu akakuna kichwa, akaomba arudiwe. Mama wa sukuma wiki akamwambia asijisumbue, "Hiyo ni ndoa tu. Najua umechelewa kurudi, lakini chakula nitakupa."

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipojulikana. Kiswahili kimetulea kwa ukarimu. Mtu anasema "ingawa mvua inanyesha, lakini nitakwenda," na hakuna anayeitisha mkutano. Anasema "kwa sababu nilichelewa, ndiyo maana nilifungiwa," na dunia inaendelea. Kiingereza ni bakhili. Vishazi viwili, kiunganishi kimoja, basi. Ukishasema "although", "but" haina kazi hapo. Ukishasema "because", hiyo "so" unayotaka kuichomeka upande wa pili, imeze. Mwalimu alitusahihisha hilo mara kumi na sisi tulilikosea mara kumi na moja.

Alhamisi akatupa kazi ya nyumbani. Sentensi nne, moja ya kila aina, tumtumie kwa simu kabla ya saa nne usiku. "Na mniandikie maisha yenu," akasema. "Sitaki habari za watu wa kwenye kitabu."

Sasa, maisha yangu wakati huo yalikuwa hivi. Kwa wiki mbili upepo ulikuwa umesukuma gugumaji mpaka kwenye gati letu, mashua zikakaa nchi kavu kama ng'ombe waliofungiwa. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, shilingi 9,000. Mwenye ploti yetu, huko Nyalenda, ni mzee mstaafu. Alifundisha shule za sekondari kwa miaka thelathini na mmoja, na watu wote mtaani, hata wasiomjua, humwita Mwalimu. Alifundisha nini? Subiri.

Kwenye simu yangu, kwa hiyo, kulikuwa na Mwalimu wawili. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kufupisha mambo, wa Kiingereza nilimwandika Mwalimu Ki, na wa kodi nikamwandika Mwalimu Ko.

Usiku huo stima ilikuwa imepotea. Nilikuwa nimelala chali chini ya blanketi, simu nayo humo humo, maana Mwalimu Ko alikuwa amebisha saa mbili na mimi rasmi sikuwepo. Kioo cha simu kina ufa uliotoka kona hadi kona, na ufa huo hupita katikati ya majina. Chaji asilimia tisa. Nikaandika maisha yangu, kama nilivyoagizwa.

Ya sababu: "Because I bought a battery for the boat, I will not pay the rent." Ya matokeo: "The landlord is so old that he cannot count the months." Ya kusudi: "I leave the house at five in the morning so that he may not see me." Ya nne ilinisumbua kidogo, kisha ikaja yenyewe, nikakumbuka ule mlango: "Although he is knocking, but I am not opening."

Nikatuma. Nikajinyoosha. Nilijisikia msomi.

Haikupita robo saa, simu ikatetema. Majibu yalikuwa marefu, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Kwa kifupi yalisema hivi. Sentensi ya kwanza ni sahihi na koma iko mahali pake, hongera kwa betri. Ya pili muundo ni sahihi lakini habari si kweli, kwani yeye amehesabu na ni miezi miwili na siku tisa. Ya tatu ni sahihi, ingawa kwa uzuri zaidi ningeweza kutumia "lest". Tena asante, sasa anajua saa ninayotoka. Ya nne ni kosa. "Although" na "but" hawalali nyumba moja. Mmoja lazima ahame, na mimi nimfuate. Alama: tatu kwa nne.

Nakuambia ukweli, kitu cha kwanza nilichokiona ni alama. Tatu kwa nne! Tangu nizaliwe sikuwahi kupata robo tatu katika Kiingereza. Nilitaka kumwamsha mke wangu. Ndipo swali likaanza kunitambaa mgongoni polepole kama siafu: yule msichana amejuaje zile siku tisa?

Nikainamisha simu ili ufa usifunike jina. Mwalimu Ko.

Jasho lilinitoka, na Kisumu hata usiku mtu hahitaji sababu ya kutokwa jasho. Nikawaza, mzee huyu amenijibu kwa Kiingereza, basi nimlainishe kwa Kiingereza. Asilimia tatu za chaji. Niliandika kama mtu anayeandika wosia: "Since the wind was strong for two weeks, the boats stayed on land. I am so ashamed that I cannot sleep. Give me until Friday so that I may find the rent. Although I am late, I am not a thief." Vidole vinatetemeka, kioo kina ufa, jina nikalibonyeza kwa imani. Simu ikazima hapo hapo. Ikiwa imetuma au haijatuma, sikujua.

Saa kumi na moja alfajiri nikafungua mlango taratibu, viatu mkononi.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, hatua mbili kutoka kizingitini. Sweta, miwani, kalamu nyekundu mfukoni, na magotini kitabu cha risiti.

"Because you woke early," akasema, "I woke earlier. Aina gani ya kishazi?"

"Ya sababu, Mwalimu. Habari ya asubuhi."

"Ni nzuri. Nilingojea jibu lako usiku kucha."

"Nilikutumia, Mwalimu. Haki ya Mungu."

"Haijafika. Keti."

Nikakaa sakafuni. Ilikuwa wakati ule ploti inapoamka, watu wanatoka na miswaki na karai, na kila aliyetoka alikuta darasa. Hakuna aliyethubutu kupita, kwa sababu milango kumi ile, ni mitatu tu isiyodaiwa. Mzee alikuwa ameuona ugonjwa wangu mwingine, ule wa kuchanganya "so that" ya kusudi na "so ... that" ya matokeo, ingawa kwenye sentensi zangu nilibahatisha. Dawa yake nitaikumbuka. Alimwonyesha jirani yangu aliyekuwa bombani. "Mtazame huyo. Amejaza karai ili aoge. Unaweza kuweka 'ili'? Basi ni kusudi, yeye mwenyewe alitaka. Sasa, amejaza karai hata likamwagika." Na kweli lilikuwa linamwagika, kwa kuwa jirani alikuwa anatusikiliza sisi. "Hapo 'ili' haikai, inakaa 'hata'. Ni matokeo. Hakutaka, limemtokea. Funga bomba!"

Kijana wa nyumba namba saba, mwenye miezi mitatu, akaona hiyo ndiyo nafasi. Akaanza kupita ukutani kama mjusi, taulo begani. Mzee hakugeuka.

"Namba saba! 'Despite'."

"Despite of..."

"Hakuna 'despite of'. Ipo 'in spite of', na ipo 'despite' peke yake. Baada yake weka nomino. Rudia."

Kijana akameza mate. "Despite the debt, I am going to work."

"Vizuri. Nenda."

Mimi hakuniachilia. Alinisogelea, akashusha sauti, nadhani hii ndiyo hotuba aliyoikalia usiku. "Nyathina, mwanangu, kishazi tegemezi ni kama mpangaji. Kina kiima chake, kina kitenzi chake, kina kitanda na redio. Lakini hakina kiwanja. Lazima kishikwe na kishazi huru. Ukisema 'although he is knocking' ukanyamaza, umekiacha barabarani na magodoro yake." Mke wangu alikuwa ametoka na chai, akampa mzee kikombe, akasimama upande wake akitikisa kichwa kama mkalimani. Alhamisi nzima ya kanisani haikuniingia kama dakika hizo tano, ingawa ningependa kufundishwa nikiwa nimevaa viatu.

Jirani wa karai akanipa pawabenki yake. Simu ikawaka. Ujumbe mmoja, wa jana usiku, kutoka kwa Mwalimu Ki. Mzee akanyoosha mkono, nikampa simu. Ungefanya nini?

Akausoma kwa sauti. "Alama nne kwa nne! Nimeguswa sana. Lakini sijaelewa kodi unaniahidi ya nini. Mimi sina nyumba, mimi pia nadaiwa."

Kimya. Halafu akapandisha juu kwa kidole, akaisoma barua yangu yenyewe, ile ya upepo na aibu na Ijumaa. Aliisoma mara mbili. Akatoa kalamu nyekundu, akakumbuka ni simu, akairudisha.

"Nne kwa nne," akasema, kama mtu aliyeibiwa mwanafunzi. "Hakuna 'but'."

"Hakuna, Mwalimu."

"Ijumaa ijayo, basi."

Jumatano upepo uligeuka, gugumaji likaenda kusumbua wengine. Alhamisi asubuhi nikapata wageni watano. Niliwaambia kwamba viboko hutoka majini usiku "in order to graze", na kwamba Kisumu iliitwa Port Florence reli ilipofika mwaka 1901. Kijana mmoja akaliona kopo. Moyo ukaruka. Nikashusha pumzi, nikasema, "We carry it in case water gets in." Wakatikisa kichwa, wakageuka kupiga picha za ndege. Hakushuka mtu.

Ijumaa jioni nikapeleka shilingi 4,500 mkononi, sikuiamini simu tena. Mzee akazihesabu, akafungua kitabu cha risiti, akaandika polepole kwa wino mwekundu, akanipa. Kwenye mstari wa kueleza malipo ni ya nini, aliandika maneno haya: "Although he has paid half,"

Baada ya koma, karatasi nyeupe. Nikaigeuza nyuma, hakuna kitu.

"Mwalimu," nikasema, "samahani. Hiki ni kishazi tegemezi. Hakijakamilika."

Alikuwa ameshaanza kufunika kalamu.

"Kitakamilika," akasema, "ukileta nusu nyingine."