Kaunti, Tuleteeni Waifai Basi

Kuna bwana mmoja aliyenikera redioni juzi. Ati kaunti ikileta intaneti ya umma itaua biashara za watu. Mbona NAWASSCO, kampuni ya maji ya kaunti, inatuuzia maji ya mfereji hapa Nakuru, na bado mikokoteni ya mitungi inapita mlangoni kwangu kila asubuhi?

Mwaka wa 2023 serikali ilitangaza imeingiza huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, tovuti yake ya kuombea huduma. Vizuri, hatupigani vikumbo dirishani tena. Lakini nenda saiba yoyote ya mtaa wa Kaptembwo ukae hapo kidogo. Mama anaingia na karatasi za mtoto ndani ya mfuko wa sukari. "Mama, emaili yako ni gani?" "Si unitafutie yoyote, mwanangu." Kijana anamfungulia emaili, anabuni nywila, anaiandika kwenye daftari lake mwenyewe, kisha anadai pesa ya kufungua, ya kujaza na ya kuprinti. Mama anaenda zake, nywila inabaki dukani. Simlaumu kijana, naye ana kodi ya kulipa. Nawalaumu waliohamisha dirisha la serikali mtandaoni wakasahau kwamba njia ya kufika huko inauzwa kwa bando.

Sasa mtu aniambie soko litamfikia huyo mama. Kampuni huvuta faiba palipo na wa kulipa kila mwezi. Ndiyo biashara, sina kinyongo. Na kweli, mitaani kuna vijana wanaopitisha nyaya ploti hadi ploti kwa bei nafuu. Wapewe heshima yao. Ila anayehitaji intaneti mara mbili kwa mwaka, ajaze fomu ya basari au atafute cheti, hafungi waifai nyumbani. Huyo anahitaji maktaba, zahanati na soko vyenye mtandao unaofanya kazi.

Wanasheria watanirukia: Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali kuu mawasiliano ya simu. Haya, nimesikia. Maktaba na masoko ni ya nani, si ya kaunti?

Kule Chattanooga, Marekani, shirika la umeme la mji lilishtakiwa na Comcast, kampuni kubwa ya intaneti, kabla halijaanza kuuza intaneti majumbani. Kufika 2010 lilikuwa linauza kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, na Comcast hadi leo wapo mjini humo wanauza.

Kinachonitia wasiwasi ni sisi wenyewe. Mwaka wa 2013 mji huu ulipewa waifai ya bure, Bilawaya, na magazeti yakatusifu kweli kweli. Mtajie kijana wa sekondari leo, atadhani unamtania. Kaunti zetu zinajua kuzindua kuliko kulipa bili. Kwa hiyo kabla ya hema, viti vya plastiki na MC, nionyesheni kwenye bajeti pesa ya mtandao ya kila mwezi, na cheo cha afisa atakayebadilisha ruta ikiungua. Utepe mtakata baadaye.