Panya Hawana Ujumbe

Wiki tatu zilizopita nilipokea barua pepe ya mistari minne, na mpaka leo inaniwasha. Asasi moja, siitaji jina maana ziko nyingi na zote zinafanana, ilikuwa inatafuta waandishi wa michezo ya redio. Nikatuma wangu. Mlinzi wa ghala la korosho, usiku, peke yake, mvua inanyesha. Ghala limefungwa kwa kufuli kwa nje na ufunguo anao yeye mfukoni. Saa nane kasorobo simu inaanza kulia ndani ya ghala. Basi. Muda wote uliobaki ni mzee yule, lile kufuli, na ile simu isiyonyamaza.

Wakajibu kwamba hadithi inavutia ila ujumbe haujajitokeza. Mlengwa ni nani? Na je, nisingeweza kumfanya mlinzi afungue ghala akute viuatilifu bandia, ili jamii ielimike?

Viuatilifu bandia. Nimemnyeshea mzee wa watu mvua nusu saa nzima, nimemtoa jasho la baridi, halafu akifungua mlango akute lebo ya kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi.

Usiku huohuo umeme ukakatika, kama ulijua nahitaji giza. Nikajilaza, simu kifuani, nikaufungua mchezo ambao nimeshausikiliza labda mara kumi: "Three Skeleton Key" wa Escape, kipindi cha zamani cha redio ya Marekani, ule wa Machi 1950 ambao sauti kuu ni ya Vincent Price. Kwa ambao hamjaufikia, kautafuteni, ila msisikilize mkiwa mmelala chumba chenye dari la mbao.

Wanaume watatu wanatunza mnara wa taa juu ya mwamba, nje ya pwani ya Guyana ya Kifaransa. Siku moja meli inakuja. Inakuja vibaya, inayumba, haina mwelekeo, na wakitazama kwa darubini hawaoni binadamu. Inagonga mwamba. Kinachoruka majini na kuanza kuogelea kuja kwao ni panya. Si mia, si elfu. Jamaa wanawahi kufunga mlango, nao panya wanaupanda mnara kwa nje, wanaufunika kuanzia chini mpaka kile chumba cha vioo juu kabisa. Na taa haiwezi kuzimwa, maana baharini kuna meli nyingine. Kwa hiyo inazunguka, na kila ikizunguka inamulika matumbo, meno na macho yaliyobandikwa kwenye kioo, safu kwa safu, yanawatazama. Ile sauti ya kukwaruza haikomi. Inapungua kidogo wakati mtu anaongea, halafu inarudi. Mmoja wao akili zinamruka.

Sasa nauliza kwa heshima zote: ujumbe ni upi? Tufuge paka?

Nimejaribu kuwajazia hao panya fomu ya ile asasi. Mlengwa: walinzi wa minara ya taa, miaka 18 hadi 35. Badiliko la tabia linalotarajiwa: kufunga milango mapema. Kiashiria: idadi ya milango iliyofungwa. Changamoto: walengwa wanaliwa.

Au chukueni "Sorry, Wrong Number", alioandika Lucille Fletcher kwa ajili ya Suspense, kipindi kingine cha hukohuko, ukarushwa mara ya kwanza Mei 25, 1943. Mama mgonjwa yuko kitandani, New York, usiku, anampigia mumewe. Laini zinaingiliana, akasikia watu wawili wakipanga kuua mwanamke saa tano na robo. Anahangaika na simu: opereta, polisi, opereta tena. Kila anayepokea ana adabu na hana msaada. Agnes Moorehead aliuigiza mubashara, sauti yake ikipanda kutoka kwenye kiburi cha mwanamke wa kitajiri mpaka kwenye kilio ambacho huwezi kukisikiliza umekaa. Hakuna mbio, hakuna risasi. Ni mwanamke, simu, na watu waungwana wanaomwambia asubiri kidogo. Mtanzania yeyote aliyewahi kumpigia mtu wa muhimu saa saba usiku akajibiwa na yule dada mpole kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa, anaujua mchezo huu hata kama hajawahi kuusikia. Ujumbe? Lipieni bili.

Najua mtakachosema. Kwamba redio ya Marekani ya miaka ile haikuwa sadaka, ilikuwa biashara. Kweli kabisa. Suspense ilidhaminiwa na divai ya Roma, kisha Autolite, watu wa plagi za magari. The Shadow, yule mpambana na wahalifu wa redioni, alikuwa na makaa ya mawe ya Blue Coal. Lakini plagi zilikaa mahali pake! Mwanzo, katikati, mwisho. Unaambiwa ununue plagi, unaitikia au huitikii, kisha unarudishiwa maiti yako kama ulivyoiacha. Muuaji hakusimama juu ya marehemu akaanza kueleza faida za plagi. Kwenye Inner Sanctum, kipindi cha hadithi za kutisha, walipodhaminiwa na chai ya Lipton, kulikuwa na mama wa chai ambaye alikuwa akimkemea mwendesha kipindi kwa utani wake wa makaburini, na mwendesha kipindi hakomi. Yaani hata tangazo lenyewe liliogopa hadithi kidogo. Sisi tumegeuza: tangazo ndilo hadithi, na hadithi ni karatasi ya kufungia tu. Ukifungua unakuta kidonge.

Na kwa kuwa nimeapa kusema kweli: The Shadow naye alifunga kila kipindi kwa kutukumbusha kwamba mmea wa uhalifu huzaa matunda machungu. Sawa. Ni mawaidha. Yalichukua sekunde kumi, akacheka kile kicheko chake, akaenda zake. Hakuitisha warsha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili lina historia, na historia yenyewe ina kejeli. Uingereza, kuanzia Oktoba 1946, BBC ilikuwa na Dick Barton, komando mstaafu aliyekuwa akipambana na wahuni kila jioni ya siku za kazi, robo saa, saa moja kasorobo. Wasikilizaji walifika milioni 15. Watoto walikuwa wanakimbia nyumbani kumuwahi. Wazazi na wachungaji wakalalamika, BBC ikamwekea masharti ya maadili kama mtoto wa kwaya. Sasa, mwaka 1948 huko Birmingham kulikuwa na mkutano wa wakulima na watu wa redio kuhusu namna ya kuwafikishia wakulima maarifa, maana chakula kilikuwa bado cha mgao baada ya vita. Mkulima mmoja akasema kinachohitajika ni Dick Barton wa kilimo. Pengine alikuwa anatania. Godfrey Baseley wa BBC hakuona utani, akaunda The Archers, familia ya wakulima inayozungumzia ng'ombe na mavuno huku wizara ikichungulia begani. Ikaanza kurushwa nchi nzima Januari 1, 1951. Mwisho wa Machi mwaka huohuo Dick Barton akaondolewa, na nani akapewa ile saa moja kasorobo? Wakulima.

Mpelelezi aliuawa na bwana shamba. Nami miaka 70 na ushee baadaye, barua pepe mkononi, naambiwa ghala langu liwe na viuatilifu.

(Nitawapa The Archers haki yao moja. Septemba 22, 1955, usiku ule televisheni ya ITV ilipozinduliwa, waandishi walimchoma moto bibi harusi mchanga, Grace, ndani ya zizi la farasi. Kesho yake nchi ilikuwa inamlilia Grace, televisheni mpya imesahaulika. Kumbe na wao walijua watu wanafuata nini redioni, na si bei ya mbegu.)

Tena Waingereza hawakuishia hapo. Paul Temple wa Francis Durbridge aliendelea kupeleleza redioni mpaka 1968. Mkulima alikuwa na lake na mpelelezi alikuwa na lake. Sisi tulipewa la mkulima peke yake.

Msinielewe vibaya kuhusu Twende na Wakati, ule mchezo wa redio wa kuhimiza uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Najua hapa ndipo mtanirukia. Nilikuwa mtoto Morogoro ulipoanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, tulikuwa tunaanika betri za redio juu ya bati mchana ili zitoshe jioni. Ilikuwa tamu. Na ilifanya kazi, hilo limepimwa: kati ya 1993 na 1995 eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo ule, wakapewa vipindi vingine, ili watafiti walinganishe, na huko ulikosikika uzazi wa mpango ulipanda na watu walipunguza wapenzi. Wapo wanaoishi leo kwa sababu ya mchezo wa redio. Nikibisha hilo nitakuwa mpumbavu.

Lakini niwaulize mliokuwepo: mnamkumbuka nani? Mkwaju! Dereva wa lori, mlevi, mpenda wanawake, muongo. Mkewe Tunu tulimheshimu, Mkwaju tulimngojea. Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa lori kweli, mtu wa dini, na mtaa mzima ulimbatiza Mkwaju kwa miaka mitatu. Mama mdogo hakucheka hata siku moja. Ushauri wenyewe, yale maneno ya nesi kliniki, siwezi kuyarudia hata sentensi moja. Waandishi wa mchezo ule walikuwa mafundi, walijua mbaya ndiye anayebeba hadithi. Waliowafuata wakachukua ujumbe wakamwacha Mkwaju.

Na hili ndilo linalonikaba, nitalisema bila mzaha. Mtu wa Chicago mwaka 1949 alirushiwa panya kwenye mnara kwa sababu amechoka, ametoka kazini, na alidhaniwa kuwa mtu mzima anayeweza kupenda kuogopa. Mtu wa Newala leo anarushiwa hadithi kwa sababu yeye ni tatizo. Haoshi mikono, hapandi kwa mistari, hajapima. Kila sauti inayotoka kwenye redio kwa jina la mchezo imekuja kumrekebisha. Hakuna anayemwambia: mzee, kaa hapo, zima taa, nikutishe kidogo, kisha ulale. Bibi yangu hakusoma darasa hata moja, na zimwi lake lilimeza kijiji kizima pamoja na mbuzi, tukawa tunagombania kulala katikati. Hakutuuliza tumejifunza nini. Alituambia tukakojoe kabla hajaanza.

Kuna kasoro za wale wa zamani, nazitaja haraka. Afrika yao ilikuwa ngoma, mamba na mwanamume mweupe mwenye kofia. Wanawake wengi walikuwepo ili wapige kelele. Na kuna vipindi vibovu kabisa ambavyo vimehifadhiwa kwa uangalifu uleule wa vizuri.

Ila ufundi, jamani. Kwenye Lights Out, kipindi kingine cha kutisha, mtu aliyeketishwa kwenye kiti cha umeme alikuwa nyama ya nguruwe inayokaangwa mbele ya maikrofoni. Mifupa iliyovunjika ilikuwa mbavu za bucha. Kichwa kilichokatwa kilikuwa kabichi. Na ule mlango wa Inner Sanctum, mlango maarufu kuliko yote duniani, haukuwa mlango. Himan Brown, mtayarishaji, alileta mlango wa kweli, siku ya siku ukagoma kulia. Akavuta kiti cha ofisi chenye kutu kilichokuwa jirani, akakikalia, akajizungusha. Kikalia hivyo mpaka kipindi kilipokwisha 1952. Inasimuliwa kwamba siku moja mfanyakazi mwema alikiona kile kiti, akakihurumia, akakitia mafuta, na fundi sauti akalazimika kulia yeye mwenyewe kwa mdomo.

Nimeacha kuwajibu ile asasi. Mchezo wangu naurekodi mwenyewe, kwa simu, na mpwa wangu anayesoma kidato cha tatu ndiye mlinzi. Ana sauti nzito kuliko umri wake. Mvua ni mchele tunaoumwaga taratibu kwenye ungo. Kufuli ni kufuli. Mlango wa ghala tuliupata kwa mama, stoo ya nyuma, bawaba za tangu enzi za marehemu baba. Ulikuwa unaanza chini kama mtu anayeguna, unapanda, unakatika katikati, halafu unamalizia pale ulipokwishaamini umenyamaza. Usiku wa kwanza tulifanya mazoezi tu. Wa pili pia, kwa sababu mpwa alikuwa anacheka. Jumamosi tukaenda kurekodi sasa kwa dhati. Nikamwamkia mama, nikazunguka nyuma, mpwa akashika simu, nikavuta mlango.

Kimya. Mlango unateleza kama samaki.

"Nimewasikia siku mbili mnahangaika nao usiku," mama akasema nyuma yangu, chupa ya alizeti mkononi, amefurahi. "Nikasema wacha niwasaidie, mwanangu."

Kwa hiyo natafuta mlango. Mwenye mlango unaolia vizuri, Morogoro mjini au hata Mzumbe, asiupake chochote, aniandikie hapo chini.